Siku Niliyofunika Kioo Nikatoka Mbio

Husna na Rejina,

Dokta aliniomba niwaandikie ukurasa mmoja wa namna ya kufanya kazi ya maabara: joto, dakika, kasi ya mashine. Ukurasa huo nimeubandika ukutani juu ya sinki, usomeni. Huu mwingine sikuombwa. Maandishi ya namna hii kwa kawaida huandikwa na mtu mwenye mvi, aliyeagwa kwa soda na saa ya ukutani, sasa amekaa barazani kwake anakumbuka. Mimi nina miaka ishirini na sita. Sikustaafu, nilistaafishwa na tumbo. Soda sikunywa wala saa sikupewa. Mshahara na vyeo sitavigusa: mshahara mnaujua, na vyeo havikuwepo.

Mjue jambo moja kabla hamjaendelea, msije mkadhani nawaandikia kwa moyo mweupe. Naitaka ile meza. Meza ya dirishani, yenye mashine ya kuzungusha na kabati la kunyonya hewa, ambayo ninyi mnaikalia sasa. Tangu nilipotolewa pale sijapata siku moja ambayo sikuitaka. Nikiwaona mmeinama juu yake na makoti yenu meupe, nachukia. Si kwamba nawachukia ninyi. Au labda kidogo.

Nilimaliza kidato cha nne na matokeo ambayo hayakutosha kunipeleka mbele, nikarudi Igalula kwa wazazi, misimu miwili nikavuna tumbaku na baba. Kisha binamu yangu akaleta habari kwamba kuna nyumba Tabora mjini, mtaa wa Chemchem, wanatafuta msichana wa kuosha vioo. Nikapanda treni na mfuko wa magazeti ya zamani. Kioo cha dirisha husuguliwa kwa gazeti na maji kidogo, kila mtu anajua, nikasema nitawaonyesha kazi.

Aliyenifungulia mlango ni Bi Zuhura, fundi mkuu wetu, ambaye ninyi mnamuogopa. Alikuwa amevaa koti jeupe juu ya dera, na miwani miwili, mmoja machoni, mwingine kichwani.

"Shikamoo."

"Marahaba. Hayo magazeti ya nini?"

"Ya kufutia vioo."

Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. "Ingia, mama. Ukipitisha gazeti kwenye vioo vya humu, Dokta atalia kama kafiwa."

Vioo vyenyewe mnavijua: vipande vidogo kama kiberiti, upande mmoja umepakwa kitu kisichoonekana kinachopitisha umeme. Siku ya kwanza nilivunja viwili na kuosha kumi na nne upande usio sahihi. Bi Zuhura alichukua mita ya umeme, akagusa kioo upande huu, kimya. Akageuza, mita ikalia. Akaniangalia juu ya miwani. "Upande unaolia ndio unaokula wino," akasema. Nikaanza upya. Sabuni, maji yaliyochujwa, asetoni, spiriti, kisha hewa ya naitrojeni ya kukaushia. Miezi mitatu sikufanya kingine. Kila jioni alikuwa anakiinua kioo kimoja kwenye mwanga, anakipulizia pumzi, anatazama ule ukungu unavyoondoka. Ukiondoka wote kwa pamoja, kioo ni safi. Ukiondoka kwa viraka, alikuwa ananirudishia.

"Hiki umekiosha, au umekibusu?"

Bi Zuhura aliyajifunza hayo studio ya picha. Miaka mingi alisafisha filamu hapa mjini, harusi za watu, vitambulisho, maiti waliopigwa picha ya mwisho, mpaka simu zikaja zikaimaliza ile kazi. Alikuwa anasema mikono yake ilikaa bila kazi miaka minne na karibu ifungwe kwa kichaa. Wakati ule sikumwelewa. Sasa namwelewa vizuri sana.

Kwa kuwa ninyi mmeanza juzi, niwaambie tulikuwa tunatafuta nini, maana Dokta akieleza hutumia maneno marefu. Zile sola zilizo juu ya mabati ya watu zinatengenezwa kwa kitu kigumu kinachoyeyushwa kwenye tanuru kubwa, na tanuru hilo hatuna wala hatutakuwa nalo. Zetu ni za wino. Unga wa aina mbili unayeyushwa kwenye dawa, unaudondosha juu ya kioo, mashine inakizungusha, wino unatandaa mwembamba kuliko kitu chochote ulichowahi kukishika. Unga mmoja ukipigwa na mwanga unaachia umeme, wa pili unaupokea na kuupitisha. Ndoto ni kwamba siku moja mtu ataichapa sola kama anavyochapa kanga. Tatizo ni kwamba sola yetu ilikuwa mvivu. Katika mwanga wote ulioipiga, kilichogeuka umeme kilikuwa kiduchu. Ungeweza kuwasha saa ya mkononi, ukiibembeleza.

Dokta alikuwa na imani moja: kausha haraka. Ni mtu wa Nzega, ana haraka hata akiwa amekaa, lakini sababu alikuwa nayo. Hewa na unyevu huharibu ule wino, kwa hiyo aliona kila dakika unayokaa na wino mbichi ni dakika ya hasara. Tulizungusha mpaka ukauke palepale, tukaruka nao kwenye bamba la moto. Tulijaribu joto la nyuzi mia moja, mia na ishirini, mia na arobaini. Dakika tano, kumi, ishirini. Tulijaza madaftari. Kila badiliko lilileta nafuu kidogo na kila nafuu Dokta aliisherehekea kwa kutuongezea kazi.

Wageni wakija Tabora hupelekwa kwanza kuonyeshwa njia ya misafara, hapa zilipita pembe, hapa ilipita chumvi, kisha wakiwa wamechoka huletwa kwetu. Mimi nilichokiona kikipita ni mitungi ya naitrojeni, ikitoka Dar kwa treni, imechelewa wiki mbili, na sisi tumekaa kuingoja kama wapagazi waliozuiwa na mto.

Aliyekuwa mezani kabla yangu alipata nafasi ya chuo cha uuguzi akaondoka. Bi Zuhura akanisogeza. Nilikuwa nimemtazama mikono kwa miezi hiyo yote, nikadhani najua. Sikujua. Kudondosha wino katikati ya kioo bila povu ni kazi ya pumzi, unaishikilia mpaka tone limeachia. Kibano changu kilikuwa na ncha iliyopinda kidogo, na kila mtu alikikataa; mimi niliujifunza ule upindo mpaka kibano kilichonyooka kikawa kinaniletea shida. Husna, kama umekitupa, usiniambie.

Nilivipenda vitu visivyo na maana. Mlio wa mashine inapopanda kasi, kama nyuki aliyekasirika halafu akasahau. Pete za rangi zinazotokea na kupotea kabla hujazitaja. Nilimaliza shule nikiwa nimeambiwa na walimu watatu kwamba kemia si yangu. Pale mezani hakuna aliyeniuliza matokeo. Kioo kilikuwa kizuri au kibaya, na kama ni kizuri mimi ndiye niliyekifanya.

Kisha nikaolewa, na mvua za kwanza zilipoanza nikapata mimba.

Nilijua kwa pua kabla ya kujua kwa kitu kingine. Ile dawa ya kuyeyushia wino, daiklorobenzini, ina harufu ya vidonge vinavyowekwa chooni na kabatini kufukuza wadudu. Nilikuwa nimeshaizoea, siisikii. Asubuhi moja ikanipiga kama kofi. Nikasimama na chupa mkononi nikasoma kibandiko chake, alama zote nyekundu, maneno yote, kama vile sikuwahi kukiona. Kidato cha nne kinatosha kabisa kusoma kibandiko.

Siku naajiriwa Dokta alikuwa ameniambia kwa mdomo wake, mbele ya Bi Zuhura: "Humu mwenye mimba haingii." Sentensi moja. Hakuna zaidi baada ya hapo. Haingii, kisha anakwenda wapi? Anarudi lini? Nani anakaa mahali pake? Hakusema, na mimi sikuuliza, kwa sababu nilikuwa msichana mwenye mfuko wa magazeti. Lakini nilipokuwa na ile chupa mkononi, sentensi ile niliisikia yote. Nikaamua nisiseme. Nikaamua nitavaa barakoa mbili, nitafanya kazi karibu na dirisha, nitakunywa maziwa. Watu husema maziwa husafisha sumu. Hayasafishi kitu, ni maziwa.

Sasa nawafikisha kwenye siku ambayo Dokta huisimulia kila wageni wakija. Mtaisikia mara nyingi. Isikieni kwanza kwangu, maana yeye, muda wote akiisimulia, alikuwa haijui.

Umeme ulikuwa hafifu tangu asubuhi. Feni ya lile kabati la kunyonya hewa ilikuwa inazunguka kama imelazimishwa, na harufu ilikuwa inarudi chumbani. Bi Zuhura alikuwa ametoka kwenda kupokea mitungi stesheni. Nilidondosha wino, nikawasha mashine, na kabla haijafika nusu ya muda wake tumbo likapanda mpaka kooni. Nikaizima. Kioo kilikuwa bado kibichi, kinang'aa kama ute wa yai. Jirani alikuwa anapiga plasta ukuta, vumbi lilikuwa linaingia dirishani, nisingeweza kukiacha wazi. Karibu yangu kulikuwa na kifuniko cha sahani ya kioo, ile tunayowekea sampuli. Nikakifunika kioo, nikatoka mbio.

Nilitapika nyuma ya tangi la maji mpaka nikabaki natoa upepo. Nikanawa uso. Nikakaa chini palepale kwenye tope. Nadhani ilipita nusu saa.

Niliporudi nilitegemea kuona uchafu. Nikakuta rangi. Vioo vyetu vyote vilikuwa vya kahawia inayoelekea machungwa, mnavikumbuka vile vya zamani vilivyo kwenye boksi. Hiki kilikuwa kinabadilika chini ya kifuniko, polepole, kutoka ukingoni kuja katikati, kinakuwa rangi ya zambarau iliyoiva. Nilisimama nikakitazama mpaka lile duara la mwisho lenye unyevu likafumba.

Kanuni ilisema kitupwe. Vioo vilikuwa vichache, na mtu anayetupa kioo lazima aandike sababu. Ningeandika nini? Nikakiweka kwenye bamba la moto dakika kumi kama kawaida, kikaenda kupakwa alumini pamoja na wenzake, na alasiri kikaingia chumba cha taa.

Chumba cha taa, mnakijua, ni kile kidogo cha giza chenye taa inayoiga jua na kompyuta. Dokta alikuwa anapima mwenyewe. Akapima cha kwanza, cha pili, cha tatu, anapiga miayo. Akafika kwenye changu. Akasafisha sindano za kupimia, akapima tena. Akazima taa, akaiwasha, akapima kwa mara ya tatu, umeme ukatoka uleule, mwingi kuliko wa wenzake wote.

"Namba kumi na saba ni ya nani?"

"Yangu, Dokta."

"Umefanya nini?"

Bi Zuhura alikuwa ameshasimama mlangoni. Nikahisi macho yake mgongoni kwangu. Nilikuwa na nafasi ya kusema ukweli, na ukweli ulikuwa mfupi. Nikafungua mdomo, kikatoka kitu kingine.

"Nimekifunika, kikauke taratibu."

"Taratibu? Nani kakwambia taratibu?"

"Nyumbani, Dokta. Tumbaku ikiingia bani kukaushwa, baba hawashi moto mkali siku ya kwanza. Jani linaachwa na unyevu wake, joto dogo, mpaka liwe njano. Ukikimbilia moto, linakauka na ukijani wake, na halifai tena. Nikasema, labda na huu wino unahitaji muda."

Dokta alipiga meza kwa kiganja. "Bani! Mama yangu mzazi! Zuhura, umesikia huyu mtoto?"

"Nimesikia," Bi Zuhura akasema, kwa sauti ya mtu aliyesikia zaidi.

Kila neno nililosema kuhusu tumbaku ni kweli, kamuulizeni baba yangu. Uongo ni kwamba niliyafikiria. Sikufikiria kitu. Nilikuwa mwanamke mwenye mimba anayetafuta mahali pa kutapika.

Wiki zilizofuata zilikuwa nzuri kuliko wiki zozote nilizowahi kuishi. Naandika hivyo mwanangu akiwa amelala hapa pembeni, na sitayafuta maneno haya. Tulirudia kitu kile kwa kila namna. Kifuniko na bila kifuniko. Dakika tano, ishirini, arobaini. Kifuniko kilichobana na kilichoachwa na upenyo wa karatasi moja. Kasi ndogo ya mashine ili wino ubaki mbichi. Matokeo yakasimama. Dokta akatuchorea ubaoni kwamba ule unga wa kwanza ni nyuzi ndefu, na nyuzi zikikaushwa ghafla zinalala zimejikunja ovyo, umeme unapotea njiani. Zikipewa muda zinajipanga ubavu kwa ubavu. Tukajifunza pia kwamba muda ukizidi, ule unga wa pili unajikusanya mabonge, na sola inakuwa mbaya kuliko ya mwanzo. Kwa hiyo msije mkafunika kioo mkaenda sokoni. Kikishafika rangi ya zambarau, fungua, peleka kwenye moto. Na moto, kwa kioo kilichokauka taratibu, ni wa kumalizia tu.

Koti langu lilikuwa linafunga kwa shida. Nikawa naliacha wazi, nabeba daftari mbele ya tumbo.

Kisha wageni wakaja, watano, kutoka kwa wale wanaofadhili mradi. Dokta akanisimamisha mbele yao akasimulia habari ya bani, kwa mikono yote miwili, akiigiza hata baba yangu ambaye hajawahi kumwona. Wageni wakacheka, wakapiga makofi. Kati yao kulikuwa na mama mmoja wa makamo, mkemia, ambaye hakucheka. Alikuwa ananitazama katikati ya mwili.

"Binti," akasema, "una miezi mingapi?"

Nilisikia jokofu la dawa likinguruma. Nikasema, "Mitano, mama."

Dokta aligeuka. Sijawahi kuona uso wa mtu ukishuka vile. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Alitoa kalamu iliyokuwa mfukoni mwa koti langu, akaiweka mezani, akasema kwa sauti ya chini, "Nenda nyumbani. Usirudi kuchukua kitu, Zuhura atakuletea."

Bi Zuhura alinisindikiza mpaka barabarani.

"Ulijua?" nikamuuliza.

"Tangu ulipoacha chai ya tangawizi. Nina watoto watano mimi."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema ungelia. Nimenyamaza, na unalia. Sijui lipi lilikuwa bora, mwanangu." Akanifunga vifungo vya koti lile ambalo halikufungika, kimoja kimoja, akashindwa, akaniacha.

Milembe alizaliwa mzima. Nimelisema hilo haraka kwa sababu najua ndilo mnalotaka kujua. Mzima, mnene, mkorofi. Lakini hamtajua jinsi nilivyomhesabu vidole. Alipochelewa kukaa, nilihesabu siku. Alipochelewa kutambaa nilikaa naye sakafuni nikimwomba. Wakwe zangu wa Ntalikwa walisema kila mtoto ana wakati wake, na ni kweli, ametembea, anakimbia, jana kamtoa mbuzi wa jirani mbio. Ila hakuna daktari anayeweza kuniambia nilivuta nini kwa miezi ile na kipi kilimfikia. Nilitaka meza kiasi hicho. Sijisamehe, na bado naitaka. Vyote viwili vinakaa ndani ya mtu mmoja, msidanganywe kwamba haiwezekani.

Hasira yangu yenyewe haikuja siku ya kutolewa. Siku ile Dokta alikuwa na haki. Ilikuja miezi mingi baadaye, nikiwa nafua nepi, hakuna hata ninachofikiria. Nikakiona chumba cha taa. Chumba cha taa hakina dawa. Kina kiti, kompyuta na giza. Kiko hatua sita kutoka mezani. Ningeweza kukaa mle miezi yote, nikapima kila kioo, nikaandika kila namba, na Dokta angepata muda wa kufanya kazi yake badala ya kupiga miayo. Hatua sita! Hakuna aliyeliwaza. Yeye hakuliwaza, Bi Zuhura mwenye watoto watano hakuliwaza, na mimi niliyekuwa nazipita zile hatua kila siku na sampuli mkononi sikuliwaza. Nilitupa nepi ndani ya beseni maji yakaruka mpaka ukutani.

Mwezi uliopita nilimwachisha Milembe. Ana mwaka mmoja na miezi minane. Mama mkwe alitaka miwili kamili. "Mayu, mama, unamnyima mtoto kwa ajili ya vioo?" akaniambia, kwa kuwa hafichi kitu. Nikasema ndiyo. Nilipaka shubiri kwenye titi, mtoto akaonja, akanitazama kama nimemtukana. Siku tatu alilia, siku tatu nililia. Siku ya nne nikavaa nguo ya kazi, nikampeleka kwa bibi yake, nikaja Chemchem.

Nikawakuta ninyi wawili mezani.

Hilo halikuwa kosa lenu, mliitwa mkaja. Nilimfuata Dokta ofisini, nikamwamkia, akafurahi kuniona, kweli alifurahi. Akaniambia mambo yamekua, wageni ni wengi, angependa nikae pale mbele niwe nawapokea na kuwasimulia ile habari ya bani. "Hakuna anayeisimulia kama wewe," akasema.

"Si ya kweli, Dokta."

"Nini si ya kweli?"

Nikamwambia. Umeme hafifu, vumbi la plasta, tangi la maji. Nilimwambia kwa maneno machafu kuliko haya. Alivua miwani, akaifuta kwa shati muda mrefu.

"Kwa nini hukuniambia?" akauliza.

"Ningekuambia, ungeniweka chumba cha taa?"

Angeweza kusema ndiyo, na nisingekuwa na ushahidi. Dokta ana haraka lakini si mwongo. "Sijui," akasema. "Nadhani nisingefikiria."

"Basi fikiria sasa."

Akachukua ile karatasi ya kanuni za maabara, inayoning'inia nyuma ya mlango wake na ambayo hakuna anayeisoma, akaandika chini kwa kalamu: mwenye mimba na anayenyonyesha atahamia chumba cha taa, na nafasi yake mezani itamngoja. Akatia sahihi. Bi Zuhura akaitwa, akatia sahihi na yeye, akasema mwandiko wa Dokta ni mbaya. Kuhusu mimi, Dokta alisema meza ina watu wawili na hawezi kumfukuza mtu. Mapokezi nikakataa. Akaniomba basi niwaandikie ule ukurasa wa joto na dakika, nikaomba nipewe siku mbili nikae barazani niwatazame mnavyofanya, ili niandike kinachohitajika.

Ndivyo nilivyokuona, Rejina.

Alhamisi, kabla ya chai, ulitoka ukasimama upande wa jua ukatoa kipande cha udongo mfukoni mwa koti, ukakitafuna ukiwa umefumba macho. Baadaye ukatoa kingine. Sikukuuliza. Ukimtoa Husna anayesoma haya nawe, sijamwambia mtu, si Dokta wala Bi Zuhura, ingawa yeye nadhani anahesabu vikombe vyako. Kama nimekosea na unapenda udongo tu, utanitukana, ni haki yako.

Kama sijakosea, kanuni iko nyuma ya mlango wa Dokta, mstari wa mwisho, mwandiko mbaya. Nenda kamwonyeshe leo. Usivae barakoa mbili, usinywe maziwa, usibebe daftari mbele ya tumbo. Najua unavyoitazama ile mashine, nimekuona ukiizima na kubaki umesimama. Najua pia utakachofikiria ukisoma hapa: huyu anataka nitoke ili akae yeye. Nataka. Ukihamia chumba cha taa meza itakuwa na mtu mmoja, na asubuhi hiyohiyo nitakuwa mlangoni nimeshavaa koti. Sikufichi. Lakini ningekuwa naitaka tu, ningenyamaza mpaka tumbo lijioneshe mbele ya wageni, kama langu.

Ukijifungua, ukanyonyesha kwa muda uutakao, ukaja, nitainuka. Nimemwandikia Bi Zuhura ahadi hiyo, bila kutaja jina lako, naye kaiweka kwenye droo yake, kwa hiyo sitaweza kujifanya nimesahau. Nitanuna, Rejina, nitanuna sana, wala sitakusaidia kubeba mitungi siku hiyo. Lakini nitainuka.